Ladu ya Dirishani

Zulfa, epua hilo sufuria, ladu zitangoja. Hamimu, zima simu, na kama kuizima kumekushinda itoe nje. Mehruni, wewe kaa hapa kichwani kwangu, hapo hapo, uniwekee mkono nijue upo, maana macho yangu siku hizi yananionyesha ninayoyataka yenyewe. Nataka mnisikilize nyie watatu mpaka mwisho, wanangu, kwa sababu pumzi niliyonayo inatosha kusema mara moja tu, na nikikatizwa najijua, nitapata kisingizio cha kunyamaza, nilivyokipata kila mwaka kwa miaka hamsini na miwili.

Najua mmekuja kwa ajili ya Shadya. Ijumaa mjukuu wa Hamimu anatimiza miaka minne, miezi minne na siku nne, atavikwa gauni la njano, atakalishwa kwenye mkeka mpya, maalimu atamwandikia kwa zafarani kwenye sahani nyeupe na kumsomesha bismillahi yake ya kwanza, kisha mtoto atailamba sahani na watu watagawiwa zile ladu tamu za mviringo. Hapa Kawajense wameshatuzoea, hata akina mama wa kigango cha jirani huniuliza mwaka huu zamu ya nani. Mimi Mkonongo niliyezaliwa Muislamu sikuwa nimewahi kuisikia desturi hiyo nilipoolewa. Kwetu mtoto akishachinjiwa akika na kunyolewa nywele siku ya saba, basi, anangoja chuo. Ni Dadi aliyeileta, bibi yenu mzaa baba, yeye aliyezaliwa Tabora na fundi seremala wa reli kutoka Punjabi na mama wa Kinyamwezi, na huyo alimhesabia mtoto kila kitu: siku ya saba, siku ya arobaini, jino, hatua ya kwanza, bismillahi, saumu ya kwanza, hitima. Kila kimoja na tamu yake. Aliamini kabisa kwamba mtoto aliyekosa mojawapo anabaki njiani, hajafika kwa watu na hajarudi alikotoka. Nilimcheka moyoni nilipokuwa kijana. Nimeacha kumcheka.

Na mnaijua ladu ya dirishani. Tangu mko wadogo, kila sherehe ya mtoto katika nyumba hii, ladu ya kwanza kutoka sinia hailiwi na mtu, naiweka mimi mwenyewe dirishani juu ya kisosi. Zulfa uliwahi kuila ukiwa na miaka sita, nikakuchapa mpaka baba yenu akaninyang'anya kandambili, na mpaka leo hujajua kosa lako. Mlidhani ni ya wapita njia, au ni mambo ya Dadi. Leo mtajua ni ya nani.

Nianze na mali, kwa sababu mali ndiyo imenikamata shati. Nilichonacho ni nyumba hii, shamba la mpunga la Kakese, cherehani yangu, na vyombo mnavyoviona. Sidaiwi na duka lolote. Mwezi wa Rajabu nilimwendea shehe, nikamuuliza kama vile namuulizia jirani, mtu akitaka mali yake iende sawasawa afanyeje. Akanieleza taratibu, yule kijana ana subira. Akasema watoto wa kuzaa wana mafungu yao, hayaguswi na maneno ya mgonjwa. Akasema ukitaka kumpa mtu mwingine, asiye na fungu, basi unamuusia, na wosia hauvuki theluthi. Na akasema mrithi hausiwi, mwenye fungu haongezwi kwa wosia. Nikamwambia nimeelewa, nikarudi nyumbani nikakaa na hilo jambo miezi mitatu.

Sasa sikilizeni. Theluthi ya mali yangu, yaani shamba la Kakese lote na cherehani, namuusia Mehruni. Zinazobaki ni za Hamimu na Zulfa kwa mafungu yao.

Hamimu, funga mdomo. Najua unachotaka kusema, wewe uliyekaa darsani, kwamba mtoto wa kuzaa hausiwi, Mehruni ni dada yenu mkubwa na fungu lake lipo. Rudia maneno ya shehe polepole kichwani mwako. Mrithi hausiwi. Na mimi Mehruni namuusia.

Usiuondoe mkono, mama. Ukiondoa mkono sitamaliza.

Mwaka sabini na nne tulikuwa tunakaa karibu na stesheni, chumba na ukumbi, baba yenu, Dadi, mimi na mtoto wetu mmoja. Huyo ndiye Mehruni niliyemzaa. Hamimu na Zulfa hamjafikiriwa bado. Wakimbizi wa Burundi walikuwa wamewekwa Katumba mwaka uliotangulia, wanafyeka pori na kujenga, na mwanamke mmoja wa umri wangu, Vestina jina lake, alikuwa anakuja mjini kunisaidia kufua na kutwanga. Alikuja na mtoto wake wa kike, kwa sababu hakuwa na wa kumwachia. Mtoto alizaliwa tarehe sita Januari, wakamwita jina la sikukuu ya siku ile, Epifania. Alimzidi wangu mwezi mmoja tu. Walilingana kimo, walilingana weusi, maana wangu alichukua kwetu na si kwa Dadi, wakacheza chini ya meza ya cherehani wakichanganya Kirundi na Kiswahili mpaka sisi wakubwa tukawa hatuwaelewi.

Mwezi wa tano Vestina akasikia kwamba mumewe yu hai, yuko Ulyankulu, kule Tabora. Akaniomba nikae na mtoto wiki mbili akamtafute. Akasema, "Dada, nakuachia roho yangu." Nikamwambia nenda, hapa ni kwako. Nilisema hivyo, na siku ile nilikuwa namaanisha.

Wiki mbili zikapita, hakurudi, na surua ikaingia. Wote wawili walilala mkeka mmoja, wamevimba macho, na Dadi akawanyoa vichwa ili homa ipungue. Majirani wenye watoto waliacha kuja, wakatuachia maji mlangoni. Na huku bismillahi ya Mehruni imebaki siku chache, gauni la njano nimelishona limetundikwa msumarini, na baba yenu ameshapanda treni kwenda Tabora kuwachukua wajomba zake na maalimu, watu ambao hawakumwona mtoto tangu arobaini yake. Simu hatukuwa nayo. Treni yenyewe haikuwa ya kila siku.

Jumanne asubuhi, jua limeshatoka na chai imeshaiva, Mehruni wangu akafa. Alikuwa na miaka minne, miezi minne na siku moja.

Dadi alimfumba macho, akamwosha, akamkafini, wala hakulia. Wanaume wa msikitini walipofika kumchukua, yeye ndiye aliyesimama mlangoni, nikamsikia kwa masikio yangu akiwaambia, "Ni yule mtoto wa mkimbizi. Mungu amemchukua." Nilikuwa nimekaa chini nimeegemea ukuta. Nikasema moyoni, mama amechanganyikiwa, nitasahihisha. Wakamnyanyua. Nikasema, nitasahihisha wakirudi kutoka makaburini. Walipokuwa huko, Dadi alinishika uso kwa mikono miwili akaniambia mjukuu wake hawezi kufa siku tatu kabla ya kufika, kwamba aliyekufa ni yule mwingine, nikitazama vizuri nitaona. Nami nikatazama. Mtoto mmoja yuko hai mkekani, kichwa hakina nywele, uso umevimba. Nikamtazama mpaka nikaona.

Wanawake walikuja mchana, wakasimama mbali kwa sababu ya surua. Wakanipa pole. Walisema, pole kwa mgeni wako. Kila mmoja, pole kwa mgeni. Nikawa naitikia.

Ijumaa treni ikaingia. Wageni wanane, na masanduku yao, na vikapu vya tende. Epifania ameshaanza kukaa, mwembamba, na Dadi amemvika gauni la njano, likamtosha hata bila kupunguzwa. Baba yenu aliingia akamwangalia mtoto, akaniangalia mimi, akauliza yuko wapi. Dadi akajibu, "Huyu hapa." Baba yenu ni mtoto pekee wa mama yake, mnajua alivyomwogopa, na nyuma yake wajomba wanavua viatu. Akakaa chini. Siku ile nywele zake zilikuwa nyeusi zote, na kufikia Mfunguo Tatu alikuwa mzee, nyie mmezaliwa mkamkuta hivyo.

Sasa msije mkasema ni Dadi. Nimejificha nyuma ya Dadi miaka mingi, na Dadi amelala Tabora hawezi kujitetea. Maalimu alipoandika ile zafarani, alinyanyua kichwa akauliza, jina la mtoto? Hakumuuliza Dadi. Aliniuliza mimi, mama. Ukumbi mzima ukanigeukia. Ilikuwa nafasi yangu, na dunia nzima ingeelewa, wangesema mama wa watu ana uchungu, wangelia na mimi, na treni ingewarudisha. Nikasema, "Mehruni."

Basi ukasomeshwa. Ulisema bisimirahi, kwa ulimi wa Kirundi, na wageni wakacheka wakasema mtoto ana madaha. Ulilamba sahani, ukaona ni tamu, ukanitazama kama unaniomba ruhusa. Nikanyanyuka na sinia la ladu kuanza kugawa, na pale mlangoni, kwenye viatu vya wageni, nikaona mtoto aliyenyolewa kichwa amesimama na kishati chake cha kulalia, anangoja. Nikasema, huyu Epifania naye, ametoka bila viatu. Kisha nikakumbuka kwamba Epifania yuko kwenye mkeka.

Nimemwona tangu siku ile. Sioti, na sio homa hii. Hamimu, siku ya arobaini yako alisimama pale kwenye viatu. Zulfa, siku uliyofunga saumu yako ya kwanza ukazimia adhuhuri na bado ukakataa maji, wote wakiwa wanakushangilia magharibi, alikuwa nyuma ya pazia. Hitima za watoto wenu, akika zao, zote. Hakui. Nywele hazimwoti. Haniambii kitu, wala hanichukii, ingekuwa nafuu anichukie. Anangoja zamu yake. Ile ladu naiweka kwa sababu nikiiweka anaacha kuangalia sinia.

Vestina alirudi mwezi wa kumi na moja, mvua zimeshaanza. Mumewe hakumkuta hai, na yeye mwenyewe alilala mgonjwa huko ugenini mpaka nywele zikakatika. Na wewe ulikuwa Tabora. Dadi alikuchukua kwa wajomba, ili uzoee, alivyosema. Nilikuwa nimejiapiza kwamba Vestina akija nitamwambia, potelea mbali, nitamwambia. Lakini wanawake wa mtaani walimkuta njiani kabla yangu, wakampa pole. Alifika mlangoni kwangu ameshalia, ameshika kanga mdomoni, hakuuliza mwanangu yuko wapi, aliuliza tu, "Alilia sana?" Nilitakiwa kusema neno moja, hapana. Hapana, Vestina, hajafa, yuko Tabora, panda treni. Neno lenyewe nilikuwa nalo mdomoni.

Nikamwambia pole.

Nikampeleka makaburini mimi mwenyewe. Aliuliza kwa nini amezikwa kwa Waislamu, na mtoto amebatizwa, nikamwambia alifia mikononi mwetu, tukamzika tunavyojua. Akapiga magoti. Alisema kwa lugha yao "mwana wanje, mwana wanje," mwanangu, mwanangu, akikwangua majani kwa vidole, na chini yake ni Mehruni wangu. Mimi nimesimama pembeni na kopo la maji. Alipomaliza akanishukuru. Alinishika mikono akanishukuru kwa kumzikia mwanawe.

Na alirudi. Kila Januari, tarehe sita, anatoka kanisani Katumba anakuja mjini, zamani kwa miguu, halafu baiskeli, sasa pikipiki ya mwanawe. Mwaka wa kwanza alichomeka msalaba wa mti, mlinzi wa makaburi akaung'oa, akaja kuniuliza kosa ni lipi, nikamweleza, akaomba radhi. Mwaka uliofuata alileta jiwe jeupe. Kaburi hilo mnalijua, lile la jiwe jeupe karibu na mti wa mkwaju, mmekuwa mkiniuliza ni la nani, nami ninasema ni la mtoto wa mkimbizi. Miaka yote hiyo mwanangu amepaliliwa na mwanamke mwingine, amesaliwa rozari, ameletewa jiwe. Mimi sijawahi kupiga magoti pale. Ningeanzaje? Mbele ya nani?

Na yule mgeni wa kila Januari mnayemwita Mama Katumba, anayekunywa chai hapa kabla ya kurudi na kutuachia maharage, ndiye Vestina. Mama yako ni huyo, mama. Ukiwa na miaka tisa, umesharudi kutoka Tabora umerefuka na kuisahau sura yake, ulimletea maji ya kunywa, ukamwinamia vizuri nilivyokufundisha. Alikunywa, akakutazama ukirudi jikoni, akaniambia, "Binti yako amekua. Wangu angekuwa hivi." Siku nyingine zote nimezisahau nusu, hiyo imekaa nzima.

Mwacheni asimame. Hamimu, usimshike, mwache aende dirishani akitaka. Wewe simama hapo ambapo unanisikia, hilo tu ndilo ninaloomba.

Kuna mambo utayaunganisha mwenyewe. Siku ya nikaha yako baba yenu alikataa kuwa walii, akamwachia shehe wa msikiti akuozeshe, na watu wakasema mzee ameshindwa na machozi. Haikuwa machozi. Alijua hana haki ya kukuozesha, akaogopa ndoa yako iwe batili kwa sababu yetu, akachukua aibu ile. Alikupenda. Alinisihi mara tatu nikwambie, na mara ya tatu alikuwa kitandani kama mimi hivi. Nikamwambia kesho. Alifariki kabla ya hiyo kesho.

Kwa nini leo? Kwa sababu Januari hii Vestina alikuja amebebwa mgongoni na mwanawe Arcade kutoka barabarani hadi kaburini. Miguu imekwisha. Alipomaliza kusali alikaa hapo hapo ulipokuwa umekaa, Mehruni, kwenye kigoda hicho, akaniambia hatakuja tena, kaburi ananiachia mimi. "Wewe ndiye ulikuwa mama yake siku ya mwisho," ameniambia, "basi mlilie wewe sasa." Akanikabidhi kile kijembe chake cha kupalilia. Kiko chini ya kitanda. Nilikichukua, nikasema asante.

Tangu siku ile sijala kitu kikashuka.

Nipeni maji. Kidogo. Basi.

Sasa maagizo, na pumzi ndiyo hii, msinifanye nirudie. Kesho asubuhi, kabla ya Ijumaa, Hamimu utachukua gari, utampeleka dada yako Katumba. Nyumba ya Vestina iko nyuma ya kanisa, waulizeni Mama Arcade, kila mtu anamjua. Usimtume mtu mbele. Usimpigie Arcade simu. Mambo haya yalishatangulia kufikishwa na wengine mara moja, safari hii yasitangulie. Mtamwambia yote, na mtamwambia nani alisema nini, na jina langu msilipunguzie uzito. Akitaka kuja hapa anitemee mate, mleteni. Akinikuta nimeshakwenda, mpelekeni kwenye kaburi langu ateme huko, na asizuiwe na mtu.

Wewe mama, dini uliyonayo umeikulia mwenyewe, mume na watoto na swala zako ni zako, katika hayo hakuna atakayekuondoa. Nilichoiba ni jina na mama, hivyo navirudisha. Unaitwa Epifania. Utakalotaka kuitwa baada ya leo uchague wewe, na nyie wawili mtalitumia hilo. Wadogo zako wengine wako Katumba, wanne, aliowazaa Vestina alipoolewa tena, Arcade ndiye wa kwanza wao. Hamimu, Zulfa, huyu ndiye aliyewabeba mgongoni nyie wote wawili. Wosia wangu msiupinge kwa shehe wala kwa mahakama, na nikisikia huko niliko kwamba mmempa shamba la Kakese kwa kununa, sitawasamehe, na mnajua ninavyonuna mimi.

Nizikeni kando ya lile jiwe jeupe. Jiwe msilitoe, limewekwa kwa machozi ya kweli hata kama mwenye nyumba siye. Lakini pembeni mwandike jina la aliyelala hapo. Mehruni. Aliishi miaka minne, miezi minne na siku moja. Iandikeni hiyo siku moja.

Na Ijumaa Shadya asomeshwe, msiahirishe kwa ajili yangu, hata kama niko mkekani. Ameshahesabiwa, afike. Ila ladu ya dirishani msiiweke tena. Ile ya kwanza kutoka sinia mpelekeeni Vestina, mumwambie ni ya bismillahi ya binti yake, imechelewa.

Mungu awaweke. Hamimu, akupe moyo laini, ulio nao ni wa baba yako lakini umeufunika na maneno mengi. Zulfa, akupe watu wa kukusikiliza, wewe uliyesikiliza kila mtu, na lile la ladu, nilikuonea, nisamehe. Na wewe... wewe siwezi kukubariki kama mama. Nakuombea kama mtu aliyekudhulumu. Mungu akulipe kwangu, asikulipe pungufu.

Moja limebaki. Sogeeni, sauti inakwenda.

Sikuwahi kufiwa. Mnaelewa? Mtoto wangu wa kwanza alikufa, na mimi sikufiwa. Sikukalishwa mkekani, sikufungwa kanga kichwani, hakuna aliyenishika mkono kwa ajili ya Mehruni. Pole niliyopewa ilikuwa ya mgeni. Pole ya kweli nilimpa Vestina, na haikuwa yake. Sina haki ya kuomba kitu katika chumba hiki, najua, na msamaha siuombi, huo si wa kuombwa kitandani. Naomba ile ya mtaani tu, ile mnayompa mtu yeyote mkipita mbele ya msiba hata kama hamjuani. Mtoto wangu amekufa. Alikuwa na gauni la njano. Nipeni pole.

Mbona kimya.

Yuko pale mlangoni, kwenye viatu vyenu. Anawatazama na nyie safari hii.

Nani amesema pole? Zulfa, ni wewe? Hiyo si sauti ya Zulfa, imetoka dirishani. Sema tena, sisikii... sema tena, Epifania.

Asante, mama. Nimeshapoa.